Sentimita Kumi na Moja za Mwalimu wa Kwaya

Mimi si mpole, na walionipa jina la Sindano hawakukosea. Lakini kwenye kazi yangu nina subira ambayo hata shangazi yangu, aliyenilea na kunifundisha kushika mkasi, hajawahi kuielewa. Yeye humpima mteja akiwa amesimama mlangoni, huandika namba saba kwenye daftari, na kabla mtu hajamaliza kusalimia keshaambiwa aje Ijumaa. Mimi nina kiti. Mteja wangu hukaa kwanza, nami namuuliza maswali matatu: ukikasirika mikono yako inafanya nini, nguo gani uliwahi kulala nayo kwa sababu hukutaka kuivua, na ni nani usiyetaka kufanana naye. Akishajibu ndipo nagusa tepu. Aliyewahi kuniomba nimshonee kama ile ya jirani yake alitoka haraka kuliko alivyoingia.

Shangazi alisema maswali yangu ni umbea uliovaa miwani.

Tulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha moja kubwa na meza mbili. Meza ya ukutani ilikuwa yake, nayo ilikuwa ya sare za shule: sketi za bluu na mashati meupe, leo na kesho na mtondo. Ya dirishani ilikuwa yangu. Mwaka huo shule ya tatu ilileta oda, na shangazi akaanza kuitazama meza yangu kwa jicho la mtu aliyeona kiti kitupu. Hakugomba. Alisema tu kwamba nguo za mteja mmoja mmoja zinakula muda, na anayeziona ni mteja na kioo chake. Basi akanipa gauni moja la mwisho. Likitoka na watu wakaja kuuliza limeshonwa wapi, meza ibaki yangu. Wasipokuja, nihamie kwenye kola za sare.

Nimewahi kushona kola za sare. Ukifika ya mia mbili unaanza kuona watu wote mtaani hawana vichwa. Niliogopa, na siwezi kusema vingine.

Gauni lenyewe lilikuwa la mfua mashuka wa hospitali. Mchana alifua, jioni alifundisha kwaya ya wafanyakazi wenzake, na baada ya miaka tisa kwaya hiyo ilikuwa imefika fainali ya mashindano kwa mara ya kwanza. Miaka yote aliwaongoza akiwa amevaa koti la kazini. Wanakwaya wakaamua kwamba safari hii mwalimu wao apande jukwaani na nguo iliyoshonwa kwa ajili yake, na wakamleta kwangu wakimsukuma mgongoni kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Alikaa pembeni mwa kiti, utadhani katikati pana mtu. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikalazimika kuinama ili nimsikie. Alisema akikasirika huacha mashine za kufulia zikinguruma peke yake akafua mashuka kwa mkono, na wenzake humpisha. Ningekuwa na akili ningesimama hapo hapo. Lakini swali la tatu alilijibu kwamba hataki kufanana na mtu anayetazamwa, kisha akaomba radhi kwa kucheka, nami nikajiona nimeshampata. Mtu mkimya, gauni kimya. Nikampima mbele ya kioo, mikono ikiwa chini, kama mafundi wote duniani wapimavyo.

Nilichagua kitambaa cha kijivu kinachoanguka vizuri. Kifuani, kuanzia kwenye kola hadi kiunoni, nikatarizi kwa uzi mweupe na mwekundu, mishono midogo inayoonekana na aliyesogea karibu tu. Nilitarizi siku tisa. Vidole viliniuma, shingo ikakataa kugeuka, na kila jioni niliona raha.

Jumatano akaja kujaribu. Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri. Alisimama mbele ya kioo, akaweka kiganja juu ya tarizi, na machozi yakamlengalenga. Hata shangazi aliacha cherehani akaja kuipapasa ile kazi kwa kidole gumba, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa nguo yangu yoyote. Nilivimba kichwa, nakiri. Ndipo mteja akauliza, kwa ile sauti yake ya kuomba ruhusa, kama anaweza kujaribu kidogo tu. Akatugeuzia mgongo, akaukabili ukuta wenye kalenda kana kwamba kwaya imejipanga pale, akainua mikono miwili.

Kwapa la kulia likachanika. Pindo likapanda hadi karibu na magoti, na mabega ya gauni yakamkaba masikioni. Lakini hayo si kitu, kwapa hushoneka. Kilichonimaliza ni mgongo. Tulikuwa tunatazama mgongo mtupu wa kijivu, kama blanketi lililoanikwa, na ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mwalimu wa kwaya huwapa watu mgongo. Mtoto mdogo anajua. Mimi na kiti changu na maswali yangu nilikuwa nimemtarizia mtu kifua siku tisa, na ukumbi mzima hautakiona.

"Samahani," akasema, bado ameukabili ukuta. "Nimeinua sana. Siku hiyo nitainua kidogo."

Aliniomba radhi yeye. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Alipoondoka, shangazi alisema niweke kiraka kwapani, na mteja aelezwe asivushe mikono juu ya kifua. Nikamwambia mtu aliyekaa miaka tisa akisubiri kuonekana siwezi kumshonea kamba. Akasema kichwa changu ni kigumu kuliko meza ninayoililia. Pengine. Nikachukua tepu, chaki na kalamu, nikaenda mazoezini.

Walifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa chakula wa hospitali, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Walikuwa watu thelathini hivi: wauguzi, wapishi, walinzi, na dereva mmoja aliyekuwa bado ameshika funguo. Mfua mashuka wangu aliingia akiwa amejikunyata vile vile, akaweka mkoba chini, akasimama mbele yao na kuinua mikono. Sikumtambua. Alikuwa mrefu. Bega moja liliita sauti za juu na lingine likazizuia za chini. Mlinzi mmoja, mara mbili yake kwa unene, alichelewa kuingia, na mwalimu akamwambia kitu kimoja tu kwa sauti iliyofika jikoni. Yule bwana akajificha nyuma ya mpishi.

Nikakumbuka mashuka yanayofuliwa kwa mkono. Alikuwa ameniambia kila kitu, nami niliisikiliza sauti badala ya maneno.

Nikapanda kwenye kiti nyuma yake na tepu. Niliomba asimame kidogo.

"Pima," akasema bila kugeuka. "Sisimami."

Basi nikampima akiwa kazini. Nilinyoosha tepu mikono ikipanda, nikaipoteza ikishuka, nikapigwa kiwiko cha mdomo kwenye ubeti wa pili, na wanakwaya wakawa wanaimba huku machozi ya kicheko yakiwatoka. Sikushuka. Upana wa mgongo wake mikono ikiwa chini ulikuwa sentimita thelathini na sita. Mikono ikiwa mbele na juu, mabega yakifunguka, ulikuwa arobaini na saba. Nilirudia mara nne. Palikuwa na sentimita kumi na moja za yule mama ambazo hakuna fundi aliyewahi kuzishonea, wala mimi.

Nilirudi na mdomo umevimba, nikaweka karatasi mbele ya shangazi. Nilitegemea matusi. Aliziangalia zile namba mbili muda mrefu.

"Miaka thelathini," akasema, "napima watu waliosimama."

Nikamweleza ninachotaka: mgongo mpya wenye marinda mawili marefu, kutoka begani hadi kiunoni, yanayolala yamefungwa mikono ikiwa chini na kufunguka ikipanda. Ndani ya marinda kiwepo kitambaa cha rangi nyingine, kisichoonekana mpaka afanye kazi yake. Kijivu kilikuwa kimebaki cha kutosha. Hiyo rangi nyingine ndiyo sikuwa nayo, na muda wa kuzunguka madukani ulikuwa umekwisha.

Shangazi akafungua droo ya chini kabisa, ile ambayo nilijua ina vifungo vilivyovunjika. Akatoa kitambaa chekundu kilichokunjwa, chekundu cha kaa la moto, kizito na laini. Alikinunua akiwa na umri wangu. Alitaka kujishonea gauni baada ya kumaliza oda za wiki ile, na oda za wiki ile hazikuisha.

Nilimwambia siwezi.

"Kata," akasema. "Kikibaki, kimebaki."

Alhamisi na Ijumaa tulifanya kazi pamoja, kwa mara ya kwanza tangu niwe na meza yangu. Yeye alifumua, mimi nikakata. Kwapani tuliweka kipande cha pembe nne ili mkono upande bila kuliburuta gauni zima, na kiunoni tukashona mkanda wa ndani ulishike pindo mahali pake. Marinda niliyapiga pasi mara sita. Tarizi ya kifuani sikuigusa. Wanakwaya thelathini ndio wangeitazama, na nani mwenye haki nayo kuliko wao?

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Shangazi alikuja na mkoba wake wenye sindano na uzi, kwa sababu haniamini hadi leo. Kwaya yetu ilikuwa ya mwisho. Mwalimu wao akaingia, mdogo na wa kijivu, akainamisha kichwa kwa haraka, na watu wakaendelea kuongea. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alisema haoni mwalimu yuko wapi.

Akatupa mgongo. Akainua mikono.

Mgongo ukafunguka. Wekundu ulitokea mabegani hadi kiunoni kwa mpigo, na ukumbi wote ukanyamaza, na ndani ya ule ukimya kwaya ikaingia. Aliposhusha mikono kwenye sauti za chini, gauni likajifunga likabaki kijivu kitupu. Alipoiita sauti ya juu, likafunguka tena. Muda si muda watu walikuwa wanausubiri ule wekundu, wanaegemea mbele kabla haujatokea. Hakuna kilichochanika. Pindo halikupanda. Aliinua mikono hadi mwisho wake, mpaka vidole, na nguo ikaenda naye kote alikokwenda. Nililia waziwazi, na wala sikutafuta leso.

Walishinda. Majaji walipotangaza, yule mlinzi mnene alimbeba mwalimu wake kama shuka.

Nje, watu walimzunguka wakiuliza nguo ile kaitoa wapi. Nilidhani atajificha. Yule aliyeniambia hataki kufanana na mtu anayetazamwa aliwageuzia mgongo makusudi, akainua mikono ili waone, akashusha, akainua tena. Kisha akaniita kwa sauti ile ya mazoezini, iliyofika barabarani.

"Huyu hapa. Alinipima nikifanya kazi."

Jumatatu tulipofika kufungua, watu walikuwa mlangoni. Alikuwepo fundi wa kupaka rangi aliyechoka kuchomokwa na shati kila anapofikia dari. Alikuwepo dereva anayetaka koti la mtu aliyekaa, na mkunga, na mwokaji mikate mwenye unga kwenye nyusi. Shangazi aliwapanga foleni kwa ukali wake wote, akamwambia kila mmoja kwamba maswali ni matatu na asidanganye. Alasiri aliwapigia simu wale wa shule ya tatu, akawaambia watafute fundi mwingine. Hakuniambia chochote kuhusu meza. Aliihamisha yake tu, akaisogeza dirishani karibu na yangu.

Mteja wa mwisho alipotoka, nikainama kuokota pini. Nilipoinua kichwa, shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Mapajani mwake kilikuwepo kile kitambaa chekundu, kilichobaki, nacho kilitosha gauni la mtu asiye mnene.

Nikamuuliza akikasirika mikono yake inafanya nini. Akasema inashona sare. Nikamuuliza nguo aliyowahi kulala nayo, akatikisa kichwa kwamba hakuna. Nikauliza la tatu. Alilitazama lile rundo la mashati meupe ukutani, nami nikaandika.

Kisha akaenda kusimama mlangoni, mikono chini, kifua mbele, kama alivyowasimamisha wateja wake miaka yote. Nikampima pale. Halafu nikamwambia aende kwenye cherehani ashone. Alinung'unika, akakaa, akainama, mguu ukaanza kukanyaga na mikono ikasukuma kitambaa mbele ya sindano. Nikalaza tepu kwenye mgongo wake uliopinda.

"Zimezidi sentimita tisa, shangazi," nikasema.

Mguu ukasimama. Mikono ikabaki juu ya kitambaa.

"Zishonee zote," akasema. "Usinipunguzie hata moja."