Majani ya Gaju

Habarurema hakuwa mtu wa kuombaomba, lakini mahindi yake yalikuwa yamegeuka manjano kuanzia majani ya chini. Asubuhi hiyo alikunja gunia tupu, akalitia kwapani, akaenda mtaa wa Katoyi kwa Dancille, mjane wa mdogo wake. Alitaka samadi.

Njia nzima alijibishana na nafsi yake. Shamba lile la pembezoni mwa Goma walililima pamoja tangu walipotoka Masisi: udongo mwembamba juu ya mawe ya volkeno. Yeye alipanda mahindi, Dancille akapanda majani ya ng'ombe katikati ya mistari, na samadi ya ng'ombe wake, Gaju, ikarudi shambani. Kisha Habarurema akahudhuria mafunzo ya kilimo, akapewa chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo, akarudi kichwa juu. Dancille alipokuwa kanisani, Habarurema aling'oa majani yote.

“Shemeki, nimekusaidia kupalia,” alimwambia akicheka. “Mahindi haipendi kusukumana.”

“Papa, ile haikukuwa magugu. Ilikuwa sahani ya Gaju.”

“Ng'ombe iko na miguu. Atajitafutia.”

Atajitafutia wapi? Mjini ni mawe, na milimani watu walikuwa wanakimbia vita. Habarurema alilijua hilo siku ile ile, lakini mkubwa wa ukoo hamwombi shemeji yake radhi kwa ajili ya majani. Chokaa aliimwaga yote. Lakini chokaa si chakula, na mahindi yakabaki na njaa.

Alimkuta Dancille akipepeta maharage. Ua ulikuwa safi mno. Hapakuwa na inzi hata mmoja.

“Gaju iko wapi?”

“Alikonda, Papa, akabakia mbavu tu. Juzi nilimwachia muchinjaji, kabla hajaanguka.”

Habarurema akaketi juu ya jiwe. Gaju ndiye ng'ombe pekee waliyetoka naye Masisi. Marehemu mdogo wake alikuwa akimwimbia kwa Kinyarwanda kila alipomkamua.

“Nilikosea, shemeki.”

“Mimi nilijua, Papa. Hiyo ungemwambia Gaju.”

Dancille alilichukua lile gunia mikononi mwake, akaingia jikoni, akalitilia majivu ya makaa kutoka kwenye mbabula, jiko lake la makaa.

“Mwaga kidogo kidogo, na usingojee muujiza.”

Habarurema alilipokea. Lilikuwa jepesi mno begani, naye alitamani limwelemee.