Trei Juani

Mteja hakubisha hodi. Aliingia na ndoo, akaimwaga pale mlangoni, vifaranga vya samaki vidogo kama kucha vikarukaruka kwenye saruji. Kisha akamzaba Bosi, mwuza vifaranga, kofi lililosikika mpaka jikoni.

"Uliniambia madume watupu, siyo? Haya, hawa wamezaliwa na nani? Wamejaa bwawa zima! Miezi mitano nawalisha, hakuna hata mmoja aliyefika kiganja!"

Alitema mate, akaondoka. Mama alikuwa ametokeza na mwiko mkononi, akamwona mwanawe wa kwanza amesimama, shavu limemvimba. Hapo ndipo alipoogopa. Huyu tangu utotoni akipigwa na aliyemzidi, lazima amtafute mnyonge wa kumlipizia. Na kweli, Bosi alichomoa mpini wa wavu, mti mzito wa urefu wa mtu, akaelekea banda la chakula cha samaki alikokuwa mdogo wake.

"Ulikunywa spiriti!"

Kazi ya kuchanganya dawa ilikuwa ya mdogo mtu. Dawa yenyewe unga kidogo tu, inayeyushwa kwenye spiriti, maji hayaiwezi, inapuliziwa kwenye chakula, chakula kinaanikwa kikauke. Kifaranga akikila mwezi mzima, anakuwa dume hata kama angekuwa jike. Na huyu kitinda mimba, tusifichane, chupa alikuwa anaipenda.

"Ukanywa, ukajaza maji! Mlevi mkubwa wewe!"

Mpini ukatua begani. Kijana akaanguka juu ya magunia.

"Kaka, haki ya Mungu sijaonja! Nilichanganya sawasawa, nikaanika humu humu kivulini! Jua likiipata ile dawa inakufa, nani asiyejua?"

Mama ndiye aliyekuwa hajui. Alikuwa amemfuata Bosi, akashika mlango wa banda. Wiki moja ya mvua, kabla vifaranga hawajauzwa, kijana alikuwa amekwenda mazikoni, na yeye akanusa trei za chakula zilizoachwa bandani, akaona chakula kitaota ukungu. Jua lilipochomoza akazibeba zote juu ya banda la kuku, akazigeuza kutwa kama anavyogeuza mahindi, jioni akazirudisha asije akaambiwa anaingilia kazi za watu. Roho nzuri tu, jamani! Nani alimtuma?

Sema, mama. Sema sasa! Ulimi ukagoma. Alimwogopa mwanawe aliyemzaa mwenyewe, akaogopa ule mti, akajiambia Bosi amechoka, atapiga mara moja tu aache.

Bosi hakuacha. Alipiga mbavu, zikalia. Alipiga tena, na kijana akainua uso kuomba, ncha ya mpini ikamwingia jichoni. Kijana alipiga ukelele ambao mama hakuwahi kuusikia kwa mtu.

"Ni mimi!" mama akapasuka. "Mwache! Mimi ndiye niliyeanika juani!"

Bosi akacheka, kicheko kibaya, huku jasho likimtiririka.

"Hata leo? Alipoiba redio ukasema umeigawa wewe. Alipochoma godoro ukasema ni mshumaa wako. Mama, nimechoka na uongo wako kwa huyu!"

Akainua mpini juu kabisa, akilenga kichwa. Mama hakubishana tena. Alichukua jiwe la mizani, la kilo tano, akamtwanga nalo kisogoni mtoto wake wa kwanza. Bosi akapiga magoti, akaanguka kifudifudi kwenye trei, damu ikachanganyika na chakula. Alikuwa anakoroma. Mama aliinama, akahakikisha kwamba anapumua, akausukuma ule mpini mbali kwa mguu.

Ndipo akamkumbatia mdogo mtu, akakandamiza khanga kwenye kile kilichokuwa jicho.

"Pole, baba. Pole, mwanangu. Twende hospitali."

Kijana alimtazama kwa jicho lililobaki.

"Mama, ni kweli ni wewe? Au unanitetea tu?"

"Ni kweli. Wiki ya msiba. Sikujua kwamba jua linaua dawa."

"Ukajua lini?"

Angeweza kudanganya. Kwa ajili ya mtoto huyu alikuwa amedanganya maisha yake yote, na hakuna aliyemshinda. Lakini kijana alikuwa ameushika mkono wake kwa nguvu, akingoja.

"Uliposema," mama akajibu. "Kabla ya jicho."

Kijana akauachia mkono.