Foleni ya Kusukutua

Mwaka 1983 Mzee Aniceti alirudi Babati kutoka Dar es Salaam, akiwa amechomwa mionzi kwa wiki sita kwa ajili ya uvimbe wa koo. Mionzi ilikwisha, vidonda ndiyo kwanza vikakomaa. Ndani ya mdomo palikuwa pekundu tupu. Hata mate yake mwenyewe aliyameza huku amefumba macho.

Muuguzi Emerensiana alikuwa amemuaga kwa masharti. “Baba, nyama ya mdomoni imeungua, uilinde. Kila baada ya saa mbili sukutua kwa maji ya vuguvugu, yenye chumvi na magadi. Magadi meupe haya hapa, chumvi utapata nyumbani. Pilipili na tumbaku uviache. Na mpaka upone usiseme, wala usipaze sauti kabisa.”

Hilo la mwisho lilimchoma, maana kazi yake ilikuwa kunadi ng'ombe mnadani. Lakini lililomshinda ni chumvi. Duka la ushirika pale Maisaka lilikuwa na gunia moja tu, na mkewe, Xaveria, alikuwa ameshachukua mgao wa kaya yao, robo kilo, na kuutia kwenye maharage. Ya kuongezewa ilihitaji kibali cha kamati ya duka.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti, Mzee Leonsi, akasema mhusika ajieleze kwa kinywa chake. Aniceti akaandika shida yake kwenye daftari, akalisogeza mezani.

“Hii haifai,” alisema Leonsi. “Muhtasari unaandika yaliyosemwa. Huyu hajasema.”

“Amekatazwa kusema,” Xaveria alijibu. “Ndiyo maana anataka chumvi.”

“Akiipata anaifanyaje?”

“Anasukutua, halafu anatema.”

Leonsi akawageukia wajumbe. “Anatema chumvi ya wananchi? Hawezi kuimeza?”

“Koo lote ni kidonda, Mzee Leonsi.”

Walibishana mpaka jua likapinda. Mwishowe wakaamua kwamba chumvi haitatoka dukani, isije ikaenda magendo. Mgonjwa ndiye atakayekuja kusukutua palepale, mbele ya Rehani, muuza duka.

Kesho yake saa mbili asubuhi Aniceti alisukutua mlangoni pa duka, akatema mtaroni, Rehani akaweka alama kwenye karatasi. Kwa zamu ya saa nne alirudi mapema kidogo, akakuta Rehani amefunga mlango kwenda kuchota maji, akasimama na kikombe chake kungoja. Mama mmoja wa kutoka Sigino akasimama nyuma yake.

“Shikamoo, mzee. Leo kumekuja nini?”

Aniceti hakuweza kujibu. Aliinua kikombe.

“Ahaa, kinapimwa kwa kikombe!” Yule mama akamtuma mwenzake mbio akalete viwili.

Siku hizo mtu hakuuliza foleni ni ya nini. Alipanga kwanza, akauliza baadaye. Rehani aliporudi, saa sita, walikuwa zaidi ya sitini, na katika kusukumana Aniceti alijikuta karibu na mkia. Rehani aliogopa watamvunjia mlango, akakoroga chumvi kwenye ndoo za maji, viganja kwa viganja, akaanza kugawa. Watu walionja, wakashangaa, lakini nani ataacha kitu alichokipangia foleni? Walipomwona Aniceti anaelekeza kidole kooni kwake, wakaelewa namna ya kukitumia. Mmoja akasema ni kinga ya kipindupindu. Mwingine alirudi kupanga upya.

Mdomo wa Aniceti ulikuwa umekauka kama udongo wa kiangazi, na zamu yake ilikuwa mbali. Hasira ikampanda. Sauti ile iliyouza madume kwenye minada ya Mutuka na Mbulu ilipanda kutoka tumboni, ikafika kwenye kidonda, ikachoma kama mwiba wa moto. Angeiachia, wote wangetawanyika. Akafikiria zile wiki sita, amelazwa peke yake chini ya mashine, shingo imefungwa isitikisike. Akaubana mdomo. Machozi yakamtoka, akaendelea kusimama.

Katibu tarafa alipita na pikipiki yake, akakuta umati umeinua nyuso mbinguni, unasukutua maji kooni.

“Mmepewa nini ninyi?”

“Bado hatujaambiwa, ndugu,” mmoja alijibu baada ya kutema, “ila kimefika.”

Xaveria alikuwa amekuja kumtafuta mumewe. Yeye ndiye aliyemweleza katibu yote. Katibu akamgeukia Rehani. “Huyu mzee anahitaji kiasi gani kwa mwezi?”

“Kama nusu kilo.”

“Na ndoo za leo zimekula ngapi?”

Rehani aliitazama mizani kana kwamba ndiyo itakayojibu. “Kama kilo tatu hivi.”

Kibali kiliandikwa palepale, juu ya tangi la pikipiki. Aniceti alienda nyumbani na kilo nzima kwenye karatasi ya gazeti, akasukutua kivulini, taratibu, bila shahidi.

Foleni haikuisha hadi jioni.

Wiki ya tatu Xaveria alimpa uji wa ulezi uliopoa, wenye maziwa. Aliunywa wote bila kufumba macho, akamrudishia bakuli.

“Mama Kandida,” alimnong'oneza mkewe, “ongeza.”