Mwizi wa Mafinga

Saa mbili na nusu asubuhi jua la Iyunga limeshawaka juu ya mabati, na Asukile bado kalala. Sekela alisimama mlangoni pa chumba cha mwanawe, khanga kiunoni, akimeza matusi asubuhi yote hiyo. Miaka kumi na tisa. Ndevu zimeota, miguu imepita mwisho wa kitanda. Cheti cha kidato cha nne kimelala sandukuni mwaka wa pili sasa, na mwenye cheti naye kalala.

"Gwe mundu, wewe mtu! Wenzako saa hizi wako kazini!"

"Naamka, mama. Shikamoo."

"Shikamoo yako nitaipika?"

Akabeba kikapu chake akaondoka kwenda sokoni Mwanjelwa, kwenye kizimba chake cha kuuzia mchele. Njia nzima alikuwa anasema peke yake.

Tusimwonee mama wa watu, alikuwa amejaribu kila kitu. Alibembeleza, akagomba, akanuna siku tatu bila kumsemesha. Alimpeleka kwa mjomba wake Isaka, machimboni Chunya, na kabla kijana hajashika hata sururu, Sekela alishatangaza sokoni kwamba mwanawe yuko kwenye dhahabu. Siku ya tisa mwana wa dhahabu akarudi na kikohozi cha vumbi na begi lile lile. Soko lilicheka mwezi mzima.

Wiki tatu zilizopita ndipo alipomnyang'anya simu. Aliichukua mkononi mwake mchana kweupe, akaifungia kwenye kabati na ufunguo akautia kifuani.

"Hii simu ndiyo imekuajiri. Leo nimekuachisha kazi."

Dawa ilifanya kazi kidogo, au hivyo ndivyo alivyodhani. Asukile alianza kutoka mchana na kurudi jioni viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Ametoka kijiweni, Sekela alijua, kwani ana pa kwenda pengine? Na kila jioni swali lilikuwa moja.

"Mama, hakuna aliyenipigia?"

"Akupigie nani? Wavivu wenzako? Wakikukosa watakuja wenyewe, njaa itawaleta."

Kijana alikuwa anainamia sahani yake, anakula, anaosha sahani, anaingia chumbani.

Jumanne ile, mteja akiwa anauma punje kupima kama mchele ni wa Kyela kweli, simu ya Sekela iliita. Namba ngeni.

"Shikamoo mama. Naongea na mama yake Asukile?"

Sauti nzito, ya upole. Damu ikamchemka hapo hapo. Maana mwaka juzi sauti ya namna hiyo hiyo, yenye shikamoo hiyo hiyo, ilimwambia kwamba mwanawe Asukile ameanguka shuleni, yuko hospitali, daktari anasubiri malipo ya upasuaji. Alituma hela yote ya magunia mawili huku analia. Jioni Asukile akaingia na daftari zake, mzima, anaulizia chakula. Tangu siku hiyo Sekela alijiapiza: mtu asiyemjua akilitaja jina la mwanawe kwenye simu, huyo ni mwizi.

"Safari hii ameanguka wapi?" alifoka. "Amevunjika mguu au mkono? Sema haraka, nina wateja!"

"Hapana mama, nisikilize kidogo, napiga kutoka Mafinga..."

"Hata ungepiga kutoka mbinguni! Mwizi mkubwa wewe, katafute kazi ya halali!"

Akakata. Faustina, jirani yake wa kizimba, alipiga makofi na safu nzima ikaangua kicheko. Yule mtu akapiga tena, akapiga na Jumatano mara mbili, na kila mara Sekela alimpa za uso huku soko likisikiliza. Faustina alimpa jina: mwizi wa Mafinga. Kwa kweli Sekela aliona raha. Nyumbani maneno yake hayakuwa yanamwamsha mtu, lakini hapa yalikuwa yanamkimbiza mwizi.

Jioni ya Jumatano alimpa Asukile simu. "Kuna lijizi linanisumbua. Hii namba ya juu hapa, ifungie lisinipigie tena."

Asukile aliinama, vidole vikaenda mbio. "Tayari. Halikupati tena."

"Angalau kwa hilo una faida," alisema Sekela, na kijana akacheka. Hakuwa amecheka wiki tatu.

Jumamosi alirudi amechoka, nusu gunia la mchele kwenye bodaboda. Asukile alikuwa amekaa kizingitini. Alimpokea mzigo, akauweka chini, akauliza lile swali.

"Mama, hakuna aliyenipigia? Hata wiki hii?"

Hapo Sekela alilipuka. Alisema yote: kitanda, cheti, Chunya, aibu ya soko. Alisema amezaa mzigo. Neno hilo lilimtoka, akaliona limetoka, na hasira haikumruhusu kulirudisha.

Asukile alisubiri amalize.

"Nilikuwa naulizia watu wa kazi, mama. Nimepeleka barua kumi na moja."

"Barua gani?"

"Za kuomba kazi. Kwa miguu, mpaka Mwanjelwa nyuma ya kizimba chako nimepita. Zote nimeandika namba yako, si simu yangu unayo wewe? Moja nilimpa dereva wa lori la mbao. Bosi wake anaitwa Vitus, anatafuta mtu wa kupima mbao na kuandika. Dereva aliniapia kwamba bosi atapiga wiki hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetangaza."

Sekela alikaa juu ya mchele. "Mbao za wapi?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Mafinga."

Angeweza kunyamaza. Kijana asingejua kamwe, angedhani watu wa Mafinga wamempuuza tu kama wengine. Alilifikiria hilo, kisha akaona haya.

"Mwanangu," alisema, "yule mwizi..."

Asukile alinyoosha mkono, akapewa simu, akaifungua ile namba aliyoifungia mwenyewe, akapiga. Sauti nzito ikapokea.

Sekela aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Vitus hata hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama, nilipiga mara nne, mara ya tano ikawa haiingii. Jana nimechukua mtu mwingine. Mwandiko wa huyu kijana niliupenda sana. Siku nyingine aandike namba yake mwenyewe."

Asukile alimrudishia mama simu. "Niliifungia kwa mkono wangu," alisema taratibu, akaingia ndani. Sekela alitoa ufunguo kifuani, akafungua kabati, akaiweka simu ya Asukile juu ya mto wa kijana.

Lakini barua kumi bado ziko mezani kwa watu, na zote zina namba ya Sekela. Kwa hiyo siku hizi hakuna namba ngeni anayoiacha. Simu ikiita anafuta mikono, anasimama wima, anaitika kwa Kiswahili cha kanisani.

Alhamisi iliita wakati Asukile yuko mbele yake kizimbani, anampimia mteja mchele.

"Mama, pole sana. Mwanao amepata ajali, yuko hospitali..."

Faustina alisogea, tayari kwa burudani. Sekela alimtazama mwanawe, mzima, ana unga wa mchele kwenye ndevu.

"Ndiyo, baba. Nakusikiliza, endelea."

Mtu akaendelea. Daktari, upasuaji, namba ya kutumia hela. Sekela alimsikiliza mpaka mwisho, simu kaishika kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo, baba," aliuliza kwa upole, "hupigi kuhusu kazi?"

Simu ikakatwa.