Barabara ya Juu

Mume wangu wamembandika jina la Mapema, na jina limemkaa. Ni dereva wa teksi, na kazi yake hasa ni kupeleka watu uwanja wa ndege kuwahi ndege za alfajiri. Majirani wakisafiri humwita yeye, kisha humsema pembeni kwamba abiria wake hufika uwanjani kabla ya wafagiaji. Hajali. "Ndege haina ujamaa na mtu," huwajibu. Jioni ya safari hulala usingizi wa lazima, mapazia yamefungwa, na ole wake atakayeangusha sufuria. Njia yake ni moja tu: barabara ya chini, inayopita sokoni, yenye taa na kituo cha mafuta kisichofungwa. Barabara ya juu, ile inayozunguka kilimani kwenye machimbo ya kokoto, haikanyagi. "Ile ni ya walevi na malori," husema. Kuna bosi aliwahi kumwahidi nauli mara mbili apite huko wakwepe foleni, akamshusha hapo hapo na mabegi yake.

Basi safari ya mpwa wake alivyoipanga, mngedhani anaondoka waziri. Binti huyu ni mtoto pekee wa dada yake, yaani wifi yangu. Ni muuguzi. Kazi ameipata ng'ambo baada ya kugonga milango mpaka vidole vikaota sugu, na tiketi ilikuwa ya mwajiri: asipopanda ndege ile, nafasi anapewa mwingine. Wakati huo mama yake alikuwa hospitalini, ini limemchoka, macho ya njano. Hospitali iko kwenye barabara ile ile ya chini. Mapema akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi wake.

"Mchana utahangaika na wakala na karatasi zako," akamwambia binti. "Wewe maliza shughuli, upumzike. Usiku tukienda uwanjani tutapitia kwa mama. Mlinzi wa geti wa zamu ya usiku namfahamu, nimeshasema naye, atatungoja. Utakaa naye, utamuaga vizuri, na ndege utaiwahi."

Binti alifurahi mpaka akamkumbatia. "Ndivyo nilivyotaka, mjomba. Mama awe mtu wa mwisho nitakayemwona."

Mimi sikuwa na neno. Mpango ulikuwa mzuri, na mipango ya mume wangu haijawahi kuharibika.

Lakini wifi naye alikuwa na mpango wake. Tulipokwenda kumtazama mwishoni mwa wiki, sisi wawili tu, alimshika kaka yake mkono. "Nikitangulia kabla hajapanda ndege, msimwambie mpaka afike. Mkimwambia atabaki kunizika, na akibaki ndiyo basi tena. Niapie." Mapema akaapa huku akilia. Mimi nikajifanya natazama dirishani.

"Na wewe, wifi," akasema. "Mdomo wako naujua."

Nikaapa. Mimi na wifi yangu tulikuwa paka na panya tangu siku nilipoolewa. Hata chumvi ya mboga tuligombania. Nilipoapa alitabasamu, akasema kumbe nikitaka najua kunyamaza. Nilitaka kumjibu, na mpaka leo nasikitika kwamba sikumjibu kitu, maana ugomvi ndio ulikuwa salamu yetu.

Jioni ya safari, Mapema amelala, binti yuko bafuni anaoga, simu ikapigwa kutoka hospitali. Nilimwamsha mume wangu kwa kumshika mguu. Alinitazama usoni, akavaa viatu bila soksi. Aliporudi alikuwa na mfuko wa plastiki: kandambili za wifi, mtandio wake, na simu yake ndogo ya vitufe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mfuko mapajani.

"Tumwambie," nikanong'ona.

"Tumeapa."

"Ni mama yake, Baba. Ana haki ya kujua. Mimi ningekuwa yeye nisingekusamehe mpaka kufa."

"Dada yangu alikuwa mgonjwa, hakuwa mjinga. Alijua anachosema."

"Na hospitali? Binti ameshavaa, amekata kucha ili mama yake azione, sijui, amejipaka na manukato! Utapita pale mlangoni umwambie nini?"

Kwenye chumba cha pili tulimsikia binti akifunga zipu ya begi, inakwama, anaanza upya.

"Nitapita juu," akasema Mapema.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia wifi kwa kufa, nikamkasirikia mume wangu kwa kutii, na nikajikasirikia mwenyewe kwa sababu nilijua nitanyamaza. Akaenda garini kuusukuma ule mfuko chini ya kiti changu cha mbele. Mtu anayekagua hata upepo wa tairi ya akiba, hakukumbuka kuizima ile simu.

Tulipoondoka mtaa mzima ulikuwa umelala. Binti alikaa nyuma na begi lake dogo. Kwenye njia panda Mapema aliwasha taa ya kulia, akaizima, akaiwasha tena, kisha akakata kulia. Gari likaanza kupanda.

"Mjomba," binti akasema. "Huku si juu?"

"Bomba limepasuka kule sokoni. Wamefunga njia."

"Na kwa mama?"

"Nimempigia simu daktari. Amesema mama amelala, asiamshwe."

Mume wangu hajui kusema uongo. Masikio yake yalikuwa mekundu, hata kwenye giza ningeweza kuapa nimeyaona. Nilingoja binti aulize lini daktari alipigiwa, bomba limepasuka saa ngapi, kwa nini asiteremke hata dakika moja. Nilijua akiuliza mara moja tu zaidi, kiapo changu kinavunjika. Nilikuwa nimeshafumbua mdomo.

"Sawa, mjomba," akasema.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Ile haikwisha. Vumbi la kokoto liliingia mpaka kooni, malori yakatumulika taa machoni, na Mapema akaendesha kama mwanafunzi, mikono miwili kwenye usukani. Tulipofika kileleni, mji ukaonekana chini. Binti alisogea kwenye kioo.

"Anti, zile taa za buluu ni za hospitali?"

"Ndizo."

Alizitazama mpaka tulipokata kona. Kisha nikasikia mkono wake begani kwangu, akauacha hapo. Sikuweza kugeuka.

Uwanjani tulikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida ya abiria wa Mapema. Alimteremshia mabegi, akakagua pasipoti yake mara mbili, akamwambia asilale kwenye kiti akapitwa na tangazo. Binti alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Umeniwahisha, mjomba. Asante." Akanikumbatia na mimi, akanifunga vizuri mtandio wangu kama mtoto mdogo ndiye mimi, akaingia bila kugeuka.

Tulirudi garini. Mapema hakuwasha. Nilikuwa nataka kumwambia kitu kibaya, nakichagua, ndipo mfuko ulipotetemeka chini ya kiti changu. Ile simu ya wifi. Ujumbe wa maandishi. Nilijua ni wa nani kabla sijaufungua.

"Soma," akasema mume wangu.

Nikasoma kwa sauti. "Mama, mjomba kapita barabara ya juu. Nimejua hapo hapo. Sikuuliza kwa sababu ningeuliza ningeshuka, na wewe ungenigombeza. Naenda kama ulivyotaka. Wasamehe, hawajui kudanganya. Lala."

Mapema aliweka paji la uso kwenye usukani. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mabega yanaruka. Mimi nilishika ile simu. Kidole kilikuwa kwenye vitufe, lakini ningemjibu kwa jina la nani?

"Bado hajapanda," akasema hatimaye. "Nikikimbia namkuta kwenye foleni."

"Ukamwambie nini? Ameshajua."

Mlinzi wa uwanja akagonga kioo. "Mzee, hapa si pa kuegesha. Umeshashusha abiria, toka." Mapema akamwomba radhi, akawasha gari. Njia ya kurudi alishika ile ya chini bila kuniuliza, na nilijua tunakwenda wapi.

Hospitalini geti lilifunguliwa kabla hatujapiga honi. Katika mambo yote ya jioni ile hakuna aliyekumbuka kumwambia yule mlinzi wa usiku kwamba mpango umebadilika, naye alikuwa amekesha akitungoja, kama alivyoahidi. Akaja na tochi yake, akamulika kiti cha nyuma.

"Binti yuko wapi?" akauliza. "Si mlisema anakuja kumuaga mama yake?"

Mume wangu alishusha kioo mpaka chini.

"Tumechelewa," akasema.