Mama Niliyemzibia Njia Mlangoni

Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye ulinzi wa duka kubwa, na sifa zilishanipanda kichwani. Wiki ile nilikamata wezi wawili, mkuu wa zamu akanipongeza mbele ya wenzangu. Tangu hapo kila mteja nikamwona mwizi.

Jumamosi asubuhi mama mmoja wa makamo, fundi cherehani, alikuwa anatoka na nyuzi na zipu. Alipopita kati ya zile nguzo mbili za kunasa wizi mlangoni, kengele ikalia.

"Simama hapohapo!"

"Mwanangu, hapa siruhusiwi kusimama," akasema kwa upole. "Kifuani nina mashine ya moyo, na hizi nguzo zinaweza kuivuruga. Nipekue, ila tusogee pale nje."

Nikacheka. "Mashine ya moyo! Leo nimesikia mpya."

Watu wakaanza kujaa. Nikamzibia njia mpaka mgongo wake ukaegemea nguzo, huku namwita mkuu kwa redio. Akataka kutoa kadi ya hospitali mkobani, nikamshika mkono. Macho yakamlegea.

"Kizunguzungu," akasema, magoti yakamwishia nguvu.

Keshia aliyepokea malipo yake akaruka kutoka kwenye kiti chake, akamvuta nje na kumkalisha. Kidogo kidogo akapata nafuu. Kadi aliyoitoa ilieleza wazi: kwenye nguzo kama zile apite bila kusimama, asiegemee. Na kengele? Keshia alisahau kung'oa kibandiko cha kuzuia wizi kwenye zipu.

Mkuu akafika mbio. "Kuna nini?"

"Mama alizidiwa, mkuu. Nimemsaidia kukaa."

Uongo ulinitoka kama maji. Keshia, akiogopa kosa lake, akainamisha kichwa. Mama akanitazama tu. Heri angenizaba kibao.

Siku tatu zikapita. Ya nne nikauliza kwa watu mpaka nikafika kibandani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitambua. Mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Uliniita mwizi mbele ya umati, ukamdanganya bosi wako nikisikia. Radhi ndiyo unaniletea huku, tukiwa wawili?"

Akarudi kwenye pindo lake.

Kesho yake, zamu ilipojipanga, nikaomba kusema. Nikasimulia yote, na kicheko changu pia. Hakuna aliyenitazama usoni. Mkuu akaniondoa mlangoni, nikapelekwa kulinda stoo ya nyuma, na walinzi wote wakaagizwa: anayesema ana mashine ya moyo apekuliwe pembeni, kwa mkono, bila kifaa.

Keshia alipita kwa yule mama, naye akamwomba radhi, akamweleza niliyosema.

"Akajibu nini?" nikamuuliza.

"Kasema amesikia."

Basi. Nyuzi siku hizi ananunua duka la mtaa wa pili.