Kidole Kisichosomeka

"Bonyeza tena, mzee."

Wagiman akabonyeza. Kimashine cha kusoma alama za vidole kikawaka taa nyekundu, mara ya sita sasa. Foleni ya dirisha la usajili wa hospitali ilishafika kwenye ngazi, na watu walikuwa wameanza kuguna.

"Haya, dole gumba la kushoto," alisema binti wa dirishani, macho kwenye kompyuta.

La kushoto lilikuwa na kidonda. La kulia lilikuwa jeupe, baridi kama samaki wa barafu. Miaka ishirini na nane ya kuchonga vinu vya mawe, na sigara za karafuu pakiti mbili kwa siku! Sigara ameacha, miezi saba sasa, wallahi. Daktari alimweleza waziwazi: kuna neva inayobana mishipa ya damu ya mkono. Ikikatwa, mishipa italegea, damu ifike vidoleni, kidonda kipone. Isipokatwa, vitakatwa vidole. Daktari mwenyewe huja kutoka jiji la Surabaya mara moja kwa mwezi, na alishamwandika kwa upasuaji wa kesho asubuhi. Kilichobaki ni bima tu, nayo hailipi bila alama ya kidole.

Suminten, mkewe, alikuja na glasi ya chai ya moto. Akaushikiza mkono wa mumewe kwenye glasi, akaupulizia, akausugua mafuta ya mikaratusi. "Haya, upesi, kabla haujapoa."

Nyekundu.

"Mwanangu, jina lake si hilo hapo? Na sura si hii?"

"Mimi nimemwona, mama. Mfumo ndio haujamwona."

"Mzee, si uazime kidole cha mkeo!" mtu akadakia huko nyuma, watu wakacheka.

Wagiman hakucheka. Akainama karibu na dirisha. "Hakuna njia nyingine, binti?"

"Kuna fomu ya kusamehewa alama za vidole. Lakini ni ya waliokatwa vidole." Kwa mara ya kwanza akaitazama mikono ya Wagiman. "Wewe unavyo vyote."

"Ninavyo."

"Basi nenda ofisi ya vitambulisho, wakuchukue alama upya. Wiki mbili hivi."

"Daktari anaondoka kesho jioni."

"Si atarudi mwezi ujao?"

Suminten akaanza kulia, hata hakujificha. Wagiman alivipanga vidole vyake kumi juu ya kaunta, kimoja kimoja, mbele ya binti.

"Nipe hiyo fomu," akasema. "Mwezi ujao nitakuwa nimeshastahili."